Saa za Mtu wa Hadubini



Mama mmoja aligundua uvimbe kwenye titi akiwa anaoga. Akaenda hospitali, akatolewa kinyama kidogo, kikatiwa kwenye kikopo chenye maji makali yanayowasha macho, na jina lake likaandikwa ubavuni kwa kalamu. Akaambiwa, "Mama, rudi baada ya wiki mbili." Wiki mbili zikapita, ikaja ya tatu, ikaja ya nne. Kila akipiga simu anajibiwa neno moja tu: bado. Usiku hapati usingizi. Mumewe ameanza kuuliza kama hospitali ile kweli ina madaktari.

Madaktari wapo. Jioni hii naomba tukifuate kile kikopo tuone kimekwama wapi, maana pale kilipokwama ndipo ilipokwama pia sehemu kubwa ya elimu yetu juu ya magonjwa yanayotuua.

Kikopo kilipelekwa maabara ya patholojia. Yale maji ni formalini, yanazuia nyama isioze. Fundi wa maabara huipitisha nyama hiyo usiku kucha kwenye alkoholi na zaileni, kisha huizamisha katika nta iliyoyeyuka mpaka igande kama kipande cha mshumaa. Sisi tunakiita bloku. Bloku huparuzwa kwa kisu cha mashine, utoke utando wa maikroni tatu au nne, mwembamba kuliko unywele mara nyingi. Utando unaelea juu ya maji ya vuguvugu, unaopolewa kwa kioo, unapakwa rangi mbili: moja asili yake ni mti, nayo hukipa kiini cha seli buluu iliyokolea, ya pili huipa sehemu iliyobaki rangi ya waridi. Kioo hicho, yaani slaidi, kinapangwa kwenye trei pamoja na vya wengine. Na trei inawekwa mbele ya mtu mmoja aliyeinamia hadubini.

Mtu huyo ni daktari bingwa wa patholojia. Mtaje mtaani, watu watafikiri habari za mochwari. Uchunguzi wa maiti ni kazi yake, hilo ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya siku yake anawafanyia kazi walio hai. Yeye ndiye anayesema hii ni saratani na hii siyo, hii ni ya aina fulani na itasikia dawa fulani. Mpasuaji anamsubiri yeye. Daktari wa mionzi anamsubiri yeye. Mama yule, bila kumjua, anamsubiri yeye.

Na ni wachache mno. Katika nchi tajiri, bingwa mmoja wa patholojia huhudumia watu makumi ya maelfu. Katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, mmoja anahesabiwa kwa watu milioni nzima, na pengine zaidi. Mwaka 2018 jarida la tiba la The Lancet lilitoa mfululizo wa makala juu ya hali hiyo, na miongoni mwa walioziandika alikuwamo Profesa Shahin Sayed wa Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi. Mwaka 2021 tume ya jarida hilohilo ilieleza kwamba asilimia 47 ya watu wote duniani hawapati vipimo vya magonjwa, au wanavipata kwa shida sana. Mama wa kikopo yumo ndani ya asilimia hiyo.

Nami, ndugu msikilizaji, ni mmoja wa hao wachache. Nimekaa mbele ya hadubini zaidi ya miaka ishirini, na muda huohuo nimefundisha. Kwa hiyo ninapozungumza juu ya foleni ya trei, nazungumza juu ya meza yangu.

Lakini kuna foleni ya pili ambayo mama yule haioni, na hata wakubwa wetu wengi hawaioni. Mezani kwangu kuna droo. Humo naweka slaidi ambazo nimeshazitolea majibu, mgonjwa ameshatibiwa au ameshazikwa, lakini zimeniachia swali. Zimo za vijana wenye miaka ishirini na kitu waliopata saratani ya umio, njia ile ya chakula, ugonjwa ambao vitabu nilivyosomea vinauhesabu kuwa wa wazee. Sijaliona jambo hili peke yangu. Upande huu wa mashariki mwa Afrika una ukanda mrefu wa ugonjwa huo, na hospitali ya Tenwek kule Bomet, Kenya, kwa miaka mingi imeeleza juu ya wagonjwa wake walio chini ya miaka 30. Kwa nini vijana? Kwa nini hapa? Kila niwekapo slaidi kwenye droo hujiambia, hii nitairudia. Droo imejaa, na sijairudia.

Sikuirudia kwa sababu sina saa. Na hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Tunaposema utafiti hauna fedha, watu huwaza mashine za mamilioni. Mashine zinahitajika. Lakini kitu cha kwanza ambacho fedha ya utafiti inapaswa kununua, na ambacho kwetu hainunui, ni saa za mtu anayejua kutazama.

Nirudi nyuma kidogo, maana jambo hili tuliwahi kuliona likifanyika hapahapa Afrika Mashariki.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt aje kumtazama mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote mbili. Baadaye kidogo, kule Jinja, Burkitt akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa taya na uvimbe wa tumbo kwa pamoja. Akajiuliza kama hayo ni magonjwa mawili au ni moja. Mwaka 1958 akaandika makala yake juu ya uvimbe huo wa taya, na leo dunia nzima inauita kwa jina lake.

Jina lililobaki ni la mpasuaji. Ila swali lake lisingepata jibu bila jirani zake wa patholojia katika chuo cha Makerere. Profesa Jack Davies alikuwa amekwisha kuanzisha daftari la saratani la Kampala mwaka 1951, ambamo wagonjwa waliandikwa mmoja mmoja. Idara yake ilitunza kumbukumbu za maiti waliochunguzwa na vinyama vilivyopimwa. Akaja Greg O'Conor, mwanapatholojia kutoka Marekani. Yeye na Davies wakaziweka slaidi za watoto pamoja: za taya, za tumbo, za macho, zile ambazo kabla ya hapo kila moja ilikuwa ikipewa jina lake. Chini ya hadubini zilifanana. Ulikuwa ugonjwa mmoja, limfoma, yaani saratani ya seli za limfu, na peke yake ulikaribia nusu ya saratani zote za watoto walizoziona. Ugonjwa ulikuwapo miaka yote, watoto walikuwa wakifa miaka yote. Ilitakiwa mtu aketi, azipange slaidi, azitazame bila kuharakishwa.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1961 Burkitt na rafiki zake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari la mtumba, wakasafiri wiki kumi na maili zipatazo 10,000 toka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakipita hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza: mmewahi kuona watoto wa namna hii? Ramani waliyoichora ikaonyesha kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua, kama unavyofanya malaria. Na mwaka huohuo, mjini London, Burkitt alitoa mhadhara, na katika waliosikiliza alikuwamo mwanapatholojia Anthony Epstein. Epstein akaomba apelekewe vipande vya uvimbe kwa ndege. Desemba mwaka 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester, mzigo ukachelewa, na ulipofika maji ya kichupa yalikuwa yametibuka. Angeweza kudhani yameharibika, ayatupe. Akayatazama kwenye hadubini, akakuta seli hai zinaelea. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi kipya, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Nimeisimulia habari hii kwa urefu ili tuone ilijengwa juu ya nini. Fedha za Burkitt zilikuwa kidogo. Kilichokuwa kingi ni utulivu wa kazi. Pale Makerere walikuwapo watu wenye mshahara wa kudumu, ambao kutazama na kuuliza kulihesabiwa kuwa sehemu ya kazi waliyoajiriwa kuifanya. Lilikuwapo daftari lililoandikwa kila siku, hata siku ambazo hapakuwa na ugunduzi wowote. Zilikuwapo bloku na slaidi zilizotunzwa. Vitu vitatu: mtu mwenye saa, daftari, na ghala.

Na tuone pia upande wa pili wa habari hiyohiyo. Uvimbe ulitoka kwa watoto wa Uganda. Kirusi kilionekana London. Ugonjwa una jina la mtu wa Ireland, kirusi kina majina ya watafiti waliofanya kazi London. Simlaumu yeyote kati yao. Walifanya kazi njema, na watoto wamepona kwa sababu yao. Nasema tu kwamba mwendo huo, nyama inatoka huku na elimu inaandikwa kule, una zaidi ya miaka 60 na haujabadilika vya kutosha.

Mwaka 1967 ilifunguliwa taasisi ya saratani ya Uganda pale Mulago, kwa ushirikiano na taasisi ya saratani ya Marekani. Miaka michache baadaye, enzi za Idi Amin, Wamarekani waliondoka. Charles Olweny, daktari wa Uganda, akabaki kuiongoza. Machafuko yalipozidi, daftari la saratani la Kampala nalo likasimama kwa miaka mingi, mpaka lilipofufuliwa na wanapatholojia wa Makerere, akiwamo Profesa Henry Wabinga. Leo linatajwa kila mahali panapozungumzwa saratani ya Afrika. Lakini ile miaka ambayo hapakuandikwa kitu imekwenda. Hakuna ruzuku, iwe kubwa namna gani, inayoweza kurudi nyuma ikamhesabu mgonjwa ambaye siku ile hakuandikwa.

Sasa tuje kwenye siku zetu.

Kijana anamaliza shahada ya udaktari. Anafanya mafunzo kazini mwaka mmoja, anaajiriwa, anarudi chuoni kusomea ubingwa. Mbele yake kuna milango mingi. Upasuaji, watoto, magonjwa ya wanawake, magonjwa ya ndani. Kila mlango una wagonjwa watakaomjua kwa jina na kliniki ya jioni itakayomwongezea kipato. Patholojia inampa trei. Mgonjwa hatamjua, hatamshukuru. Akitaka kuongeza kipato itambidi asome slaidi za hospitali binafsi usiku, kwa malipo ya kila kisa, baada ya kumaliza za serikali mchana.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja mwenye jicho ambalo sijalikuta tena. Alikuwa anaona kitu kwenye pembe ya slaidi ambacho mimi nimekipita. Siku moja alinijia ofisini, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kuaga. Kazi hii naipenda, ila nina mama wa kumtibu na wadogo watatu wa kusomesha." Nilimwitikia, nikamwombea heri. Ningemwambia nini? Avumilie? Anaendelea vizuri sasa, ni daktari mzuri wa wanawake. Lakini lile jicho tulilipoteza.

Tuseme mwingine amebaki, ameajiriwa chuoni kama mhadhiri. Mkataba wake unasema afundishe, ahudumie na afanye utafiti. Ratiba inasema asome slaidi za hospitali nzima, pengine za mikoa minne, afundishe wanafunzi mamia, asahihishe mitihani, akipigiwa simu na polisi aende kuchunguza maiti, na akiitwa mahakamani akatoe ushahidi. Utafiti unabaki wa usiku. Halafu muda wa kupandishwa cheo unafika, na kamati haimuulizi amesoma slaidi ngapi. Inauliza amechapisha makala ngapi. Aliyewapa majibu wagonjwa 5,000 na asiyempa hata mmoja wanapimwa kwa mizani hiyohiyo, na mwenye wagonjwa ndiye anayeonekana mwepesi.

Akiamua kuomba ruzuku, nyingi ziko nje. Anaandika kurasa na kurasa kwa Kiingereza kilichonyooshwa, anashindana na vyuo vyenye ofisi nzima ya kuandika maombi. Akipata, mara nyingi anapata kama mshirika mdogo wa mradi wa chuo cha mbali. Mradi ni wa miaka mitatu au mitano, na swali limekwisha chaguliwa. Fedha italipa vitendanishi, safari, wasaidizi wa kukusanya data. Saa za mwanapatholojia mwenyewe haizilipi, kwa sababu inachukuliwa kwamba mwajiri amekwisha kuzilipa. Na mwajiri naye haziondoi kwenye ratiba ya huduma, kwa sababu anaona mradi una fedha zake. Saa zilezile zimeuzwa mara mbili, na mwenyewe hajalipwa hata mara moja.

Mwisho wa mradi makala inaandikwa. Kwenye orodha ndefu ya waandishi, wa kwanza na wa mwisho ndio wenye uzito. Mtu aliyesoma slaidi zote yuko katikati, namba kumi na moja, au yuko chini kabisa kwenye aya ya shukrani. Na kama anataka kuchapisha kazi yake mwenyewe katika jarida linalosomwa bure, ada inaweza kuwa maelfu ya dola, kuzidi mshahara wake wa miezi kadhaa.

Mradi unakwisha, mashine imebaki. Kipuri kikiharibika hakuna bajeti. Nimeona mashine nzuri ya kupima vipokezi vya homoni kwenye saratani ya titi ikifunikwa kitambaa kwa sababu kemikali zake zimekwisha na aliyekuwa akizileta ameondoka. Kipimo hicho ndicho kinachoonyesha kama mgonjwa atafaidika na tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu, au atakimeza bure. Mama wa kikopo anakihitaji kipimo hicho. Utafiti ulipokwisha, na huduma yake ilikwisha.

Hayo hayako kwetu tu. Hata Uingereza, wanapatholojia wa vyuo vikuu wanaofanya utafiti walipungua mpaka mwaka 2016 taasisi ya utafiti wa saratani ya kitaifa, NCRI, ikaanzisha mpango maalumu wa kuwafufua. Mwaka 2023 taasisi hiyo yenyewe ikatangaza kufungwa. Kazi ya mtu wa hadubini inasahaulika kirahisi popote, kwa sababu ikifanyika vizuri haionekani. Tofauti ni kwamba wao wakipungua wanabaki na maelfu. Sisi tukipungua wawili, mkoa mzima umebaki bila mtu.

Na upepo wa nje umegeuka. Sweden ilianza kusaidia utafiti wa Tanzania mwaka 1977, na wasomi wetu wengi wamepata shahada za uzamivu kwa njia hiyo. Profesa Ephata Kaaya, mwanapatholojia aliyekuja kuwa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Muhimbili, alifanya utafiti wake juu ya saratani ya Kaposi pamoja na wenzake wa Karolinska, Stockholm. Juni mwaka 2023 serikali ya Sweden ilikata fedha za utafiti wa maendeleo zilizokuwa zikitolewa kupitia baraza lake la utafiti. Februari mwaka 2025 Uingereza ilitangaza kwamba kufikia mwaka 2027 misaada yake itashuka toka asilimia 0.5 ya pato lake hadi 0.3. Mei mwaka huohuo Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilisitisha utaratibu wa kupitisha sehemu ya ruzuku kwa washirika wa nchi za nje, mpaka utaratibu mpya uwekwe. Na Julai mosi shirika la USAID likafunga milango.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Waliotusaidia tunawashukuru, na wanaoendelea tunawashukuru. Lakini fedha za mlipakodi wa Stockholm au wa Ohio hazikuwahi kuwa zetu. Alizitoa kwa hisani, na ana haki ya kuzirudisha mfukoni.

Zetu ziko wapi? Mwaka 2007, mjini Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walihimizana kila nchi itenge angalau asilimia moja ya pato lake kwa utafiti, ifikapo mwaka 2010. Kenya, katika sheria yake ya sayansi ya mwaka 2013, ilikwenda mbali zaidi ikaandika asilimia mbili kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Utafiti. Tanzania tuna COSTECH, tume yetu ya sayansi na teknolojia, tangu mwaka 1986, na tuna mfuko wetu wenyewe, MTUSATE. Kwa hiyo vyombo vipo na sheria zipo. Kinachopungua ni kuijaza ile mifuko, na kuijaza kila mwaka, siyo mwaka mmoja ndiyo na miwili hapana. Daftari la Kampala limetufundisha gharama ya kukatika.

Nina mapendekezo machache, na nimeyapima kwa uwezo wetu.

La kwanza, tununue saa. Kila idara ya patholojia ya chuo cha umma ipewe fedha ya kumwajiri bingwa wa ziada, mmoja au wawili, kwa masharti kwamba kila mhadhiri apate siku moja kwa wiki isiyoguswa na trei. Siku hiyo ilindwe kama tunavyolinda zamu ya chumba cha upasuaji. Mkurugenzi asiitishe kikao ndani yake. Mfadhili wa nje akitaka slaidi zisomwe, alipie saa zitakazotumika, na malipo hayo yaingie kwenye idara yakalete mtu wa kushika nafasi.

La pili, tutunze ghala. Bloku ya nta ikitunzwa vizuri inadumu miongo mingi. Bloku ya mwaka 1980 inaweza kuulizwa swali ambalo mwaka 1980 halikuwa limefikiriwa. Nimeziona bloku zimerundikwa katika maboksi ya karatasi chini ya paa linalovuja, namba zimefutika, panya wamepita. Ile ni maktaba ya taifa. Chumba kikavu, rafu za chuma, kompyuta moja na fundi mmoja mwenye ajira ya kudumu: hakuna ruzuku ya bei nafuu kuliko hiyo. Na fundi huyo apewe ngazi ya kupanda, maana bila kisu chake sisi mabingwa ni vipofu.

La tatu, slaidi zetu zisomwe kwetu, na aliyezisoma aandike. Siku hizi slaidi inapigwa picha nzima na mashine, inasafiri kwa intaneti, na kompyuta zinafundishwa kuzisoma. Ni jambo la heri; bingwa wa Mwanza anaweza kuomba ushauri wa mwenzake wa Nairobi ndani ya saa moja. Lakini kompyuta inajifunza kutokana na slaidi ilizolishwa. Tukizitoa zetu kwa mkataba tusiousoma, kesho tutauziwa elimu iliyotokana na nyama zetu. Tukizikataza zisitoke kabisa, kompyuta itajifunza magonjwa ya wengine na kuja kukosea kwetu. Njia ni mikataba yenye macho: nani anamiliki, nani anaongoza, nani anafundishwa.

La nne, ruzuku ndogo kwa vijana. Zisisubiri profesa. Bingwa aliyehitimu jana apewe kiasi cha kutosha swali moja na miaka miwili, kwa fomu ya kurasa tano, na majibu ya ombi lake yatoke ndani ya miezi mitatu. Na kamati za kupandisha vyeo zihesabu huduma ya uchunguzi kuwa kazi ya kitaaluma, kwa kipimo kinachoeleweka.

Najua waziri wa fedha ana foleni yake pia. Kuna zahanati zisizo na dawa, kuna barabara, kuna madawati. Atauliza, kwa nini nimlipe mtu akae anatazama kioo? Jibu langu ni kwamba dawa tunazonunua, mashine za mionzi tunazonunua, chanjo tunazonunua, zote tunazinunua kwa kukisia mpaka mtu fulani atuambie wananchi wetu wanaugua nini hasa, wapi, na kwa umri gani. Mficha maradhi, kilio humfichua. Na taifa lisilo na wa kuyatazama maradhi yake limeyaficha bila kukusudia.

Ndugu wasikilizaji, kikopo cha mama yule kilifunguliwa hatimaye. Slaidi yake niliisoma Jumanne moja jioni, ikiwa ya 43 kwenye trei. Majibu yakapelekwa, matibabu yakaanza, yamechelewa ila yameanza. Alikuwa na miaka 31. Niliitoa slaidi kwenye hadubini, nikakumbuka kwamba ni ya nne mwezi ule ya mwanamke aliye chini ya miaka 35. Pengine ni bahati mbaya tu. Pengine kuna jambo. Sikuwa na saa ya kujua. Nikavuta droo, nikaitafutia nafasi.

Miaka michache ijayo nitastaafu, na meza ile atakaa mtu mwingine. Ninachowaomba wenye mamlaka ni siku moja kwa wiki, kwa ajili yake, afungue ile droo.